Tairi lipi kwa njia ipi? Mwongozo kwa kamati zinazonunua matairi ya magari ya kazi



Kila mwaka mvua za masika zinapokaribia, ofisi yetu ya miradi hupokea maombi ya aina moja kutoka sharikani: "Tunaomba matairi." Mara nyingi barua haisemi zaidi ya hapo. Haisemi gari linapita njia gani, linabeba nini, wala matairi yaliyopo yana umri gani. Kwa upande mwingine, marafiki wanaotuchangia kutoka Ujerumani, Finland na Marekani hutuuliza kwa nini gari ambalo bado ni zima linahitaji tena fedha nyingi kwa ajili ya matairi. Maswali yote mawili ni ya haki. Katika makala hii tunajaribu kuyajibu kwa pamoja.

Jambo lenyewe si dogo. Gari la kliniki ya mama na mtoto likikwama njiani, chanjo zinapata joto na akina mama waliosubiri tangu asubuhi wanarudi nyumbani. Gari hilo hilo likiteleza kwenye mteremko likiwa na mgonjwa, hasara yake haihesabiki kwa shilingi. Gari lenye uwezo wa kuvuta kwa magurudumu manne linasifiwa sana, lakini nguvu zote za injini hufika ardhini kupitia mahali panne tu, na kila mahali hapo pana ukubwa usiozidi sana kiganja cha mtu mzima kilichofunguliwa. Hapo ndipo uamuzi wa kamati unapoonekana.

Aina tatu za kashata

Matairi ya magari ya aina ya 4x4 hugawanywa katika makundi makuu matatu, na herufi zake huandikwa ubavuni au kwenye hati ya bei.

Kundi la kwanza ni H/T, yaani tairi la barabara kuu. Kashata zake ni ndogo, zimekaribiana, na mifereji yake ni myembamba. Ni la kimya, halili mafuta mengi, na hushika vizuri kwenye lami yenye maji. Magari mengi mapya hutoka kiwandani na tairi la aina hii au linalokaribiana nalo. Kwenye tope, mifereji yake hujaa baada ya mizunguko michache, na tangu hapo tairi huwa kama kipara hata kama ni jipya.

Kundi la pili ni A/T, yaani tairi la njia zote. Kashata zake ni kubwa kiasi, mifereji ni mipana kuliko ya H/T, na ubavu wake mara nyingi ni imara zaidi. Linakwenda vizuri kwenye changarawe, linavumilia lami, na linapita kwenye tope la wastani.

Kundi la tatu ni M/T, yaani tairi la matope. Kashata zake ni nene, zimeachana sana, na nyingine hushuka hadi kwenye mabega ya tairi. Nafasi hizo pana zina kazi moja kubwa: tairi linapozunguka, tope linarushwa nje ili kashata zikutane tena na ardhi mpya. Lakini kila kizuri kina gharama yake. Tairi la M/T hupiga kelele, hula mafuta zaidi, huisha haraka kwenye lami, na kwenye lami yenye mvua huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama, kwa sababu mpira unaogusa barabara ni mchache.

Kwa hiyo si kweli kwamba tairi lenye kashata kubwa ni bora kuliko yote. Ni bora mahali pake.

Tope si moja

Wenzetu wengi husema "njia ni mbaya" wakadhani wamemaliza. Kwa muuza matairi hayo hayatoshi, kwa maana njia zetu ni mbaya kwa namna tofauti.

Kwenye miteremko ya Usambara na Upare, udongo mwekundu ukinyeshewa huteleza juu, lakini chini yake mara nyingi kuna tabaka gumu. Hapa tairi jembamba lenye kashata zenye ncha husaidia, kwa kuwa linakata utelezi na kufika kwenye ugumu. Tairi pana huelea juu ya utelezi kama kandambili kwenye sakafu yenye sabuni.

Kwenye mbuga za Shinyanga na Simiyu hali ni nyingine. Udongo mweusi wa mfinyanzi hunywa maji na kuvimba, na wakati wa kiangazi husinyaa na kupasuka nyufa. Ukilowa, hunata kwenye tairi tabaka juu ya tabaka mpaka gurudumu linajaza nafasi yote chini ya bodi. Chini hakuna ugumu wa karibu. Tairi la M/T linajisafisha vizuri zaidi hapo kuliko mengine, lakini tuseme ukweli: mbuga iliyolowa kabisa haina tairi. Dawa yake ni kusubiri jua la saa kadhaa, au kuzunguka njia ndefu, na kamati ipange ratiba ya safari kwa kuzingatia hilo.

Kwenye makorongo ya mchanga na sehemu za pwani, kinachotakiwa ni kuelea. Tairi linalopanuka likipunguzwa upepo hufanya kazi nzuri kuliko tairi lenye kashata kali, ambalo huchimba na kujizika lenyewe.

Kwenye nchi kavu ya mawe na miiba, kama pembezoni mwa Ziwa Natron na sehemu nyingi za nyanda za Wamasai, adui ni mkato wa ubavuni. Hapa muhimu ni uimara wa ubavu na idadi ya plai, kuliko ukubwa wa kashata.

Kusoma ubavu wa tairi

Mjumbe yeyote wa kamati anaweza kujifunza kusoma tairi kwa dakika kumi. Tuchukue mfano wa maandishi haya: LT 265/70 R16 112S.

LT maana yake ni tairi la gari la mizigo midogo, lenye mwili imara kuliko la gari dogo la abiria. Namba 265 ni upana kwa milimita. Namba 70 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 70 ya upana huo. R maana yake nyuzi zake zimepangwa kwa mtindo wa radial, yaani zimevuka moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. Ni mtindo ambao Michelin waliusajili mwaka 1946 na ambao leo umeenea karibu magari yote. Namba 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 112 ni kipimo cha mzigo, na S ni mwendo wa juu unaoruhusiwa, yaani kilometa 180 kwa saa.

Kipimo cha mzigo ndicho kinachosahauliwa zaidi. Namba 100 inamaanisha kilo 800 kwa tairi moja, 104 ni kilo 900, 108 ni kilo 1,000, na 112 ni kilo 1,120. Tuseme gari likiwa na watu na mizigo, ekseli yake ya nyuma inabeba kilo 1,900. Kila tairi la nyuma linabeba kilo 950. Tairi la 104 litakuwa limezidiwa hata kama linaingia vizuri kwenye rimu na bei yake inavutia. Tairi lililozidiwa hupata joto, na tairi lenye joto kali hupasuka, hasa kwenye mwendo mrefu wa mchana.

Halafu tafuta neno DOT. Mwisho wa mstari wake kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama mwisho wake una tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na halifai kabisa hata kama kashata zake zinang'aa. Mpira huzeeka ukiwa dukani pia, na jua letu huharakisha. Ushauri tunaoufuata ni huu: baada ya miaka mitano lipimwe na fundi kila mwaka, na likifika miaka kumi liondolewe, liwe limetumika au halijatumika.

Alama ya theluji na matairi ya msaada

Hapa tunapenda kuzungumza kwa upendo na marafiki zetu wa Ulaya na Marekani, kwa kuwa mara kwa mara tunaulizwa kama tungependa kuletewa matairi yaliyotumika ndani ya kontena.

Matairi mengi yana herufi M+S ubavuni, yaani tope na theluji. Baadhi ya kamati huziona herufi hizo na kufurahi kwamba wamepata tairi la matope. Sivyo. Alama hiyo huwekwa na mtengenezaji mwenyewe kutokana na mpangilio wa kashata, wala si ushahidi kwamba tairi limejaribiwa kwenye tope. Utaikuta hata kwenye matairi ya kawaida ya barabarani.

Alama nyingine ni mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani yake. Hii hutolewa kwa tairi lililopimwa kwenye theluji na kufaulu. Nchini Ujerumani, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, tairi halihesabiki kuwa la majira ya baridi kama halina alama hiyo. Finland, nchi yenye baridi ndefu, ndiko tairi la kwanza la majira ya baridi lilikotengenezwa, mwaka 1934, na kampuni ambayo leo inaitwa Nokian.

Tairi halisi la baridi limetengenezwa kwa mpira laini, ili usigeuke kuwa mgumu joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi. Huko kwao linaokoa maisha. Kwetu, ambako barabara ya mchana huchoma nyayo, mpira huo huwa laini kupita kiasi. Kashata hutikisika, gari huchelewa kusimama, na tairi huisha upesi. Theluji yetu iko juu kileleni Kilimanjaro, nako hakuna gari linalopanda. Zipo A/T ambazo pia zina alama ya ua la theluji. Hizo ni jambo jingine, na zinaweza kufaa. Lakini tairi la baridi lililotumika miaka minne Ulaya, likakaa ghalani miaka mitatu, likasafirishwa kwa meli na kulipiwa gharama za bandarini, linaweza kutugharimu kuliko jipya.

Kwa hiyo ombi letu ni hili: anayetaka kutusaidia kwa matairi, atuulize kwanza saizi, kipimo cha mzigo na tarehe ya DOT tunayoihitaji; au atume mchango, nasi tununue hapa hapa kwa ushindani wa bei. Kabla ya kupakia kitu chochote, tupewe muda wa kuuliza TBS na TRA kuhusu masharti yaliyopo.

Kubadili saizi

Madereva hupenda tairi refu, nasi tunawaelewa, kwa kuwa linainua tumbo la gari. Lakini hesabu ifanyike. Tairi la 265/70 R16 lina kipenyo cha milimita 777 hivi. La 235/85 R16 lina milimita 806 hivi. Tofauti ni milimita 29, na gari litainuka nusu tu ya hiyo, kama milimita 14. Wakati huo huo spidomita itasoma pungufu: ikionyesha 80, gari linakwenda karibu 83. Breki na gia nazo zitafanya kazi zaidi. Hivyo basi, saizi isibadilishwe bila fundi kuhakikisha kwamba tairi haligusi bodi usukani ukikatwa mwisho, na kwamba rimu inalikubali.

Aidha, magurudumu yote manne yawe na tairi za saizi moja na aina moja. Gari linalovuta kwa magurudumu yote, likiwa na tairi refu mbele na fupi nyuma, hujipigania lenyewe ndani ya gia. Spea nayo iwe ya saizi hiyo hiyo. Spea ya saizi nyingine inakufikisha kwa fundi pancha wa kwanza, haikufikishi zahanati ya mwisho.

Upepo ni sehemu ya tairi

Tairi zuri lenye upepo usiofaa ni fedha iliyotupwa. Kiwango sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo katika nguzo ya mlango wa dereva, kwa gari tupu na kwa gari lenye mzigo. Kipimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa geji, si kwa kupiga teke.

Kwenye mchanga, gari ambalo kawaida lina psi 35 linaweza kushushwa hadi 20 au 18, na tairi litarefuka na kuelea. Kwenye tope lenye utelezi, 25 mara nyingi hutosha. Lakini mwendo uwe mdogo, kona zikatwe taratibu, na upepo urudishwe kabla ya kurudi kwenye barabara ya kasi. Kwa sababu hiyo hatuoni busara kumfundisha dereva kutoa upepo kabla hajapewa pampu ya kuurudisha. Pampu inayotumia betri ya gari, geji, na vifaa vya kuziba pancha vikae ndani ya gari daima.

Minyororo ya tairi, ambayo kwa wenzetu ni ya theluji, hutumika vizuri sana kwenye tope la mlimani. Kwa gari linalokwenda zaidi kwenye lami na kupanda mlimani mara chache kwa mwezi, A/T nne pamoja na seti ya minyororo ni chaguo bora kuliko M/T nne. Ifungwe kabla ya kukwama, ifunguliwe mara barabara inapokuwa ngumu.

Tahadhari moja zaidi. Kuna mtindo wa kuchonga upya kashata kwenye tairi lililoisha. Kwa tairi la gari dogo na la pikapu jambo hili ni hatari. Kisu kinakula mpira mwembamba unaolinda nyuzi, na tairi linaonekana jipya huku likiwa limekaribia kupasuka.

Hesabu ya fedha

Tusiangalie bei ya tairi, tuangalie bei ya kilometa. Tuchukue mfano wa hesabu tu, kwani bei hubadilika. Seti ya matairi matano ikigharimu shilingi 3,000,000 na kwenda kilometa 50,000, kila kilometa imegharimu shilingi 60. Seti ya shilingi 1,800,000 ikienda kilometa 20,000, kila kilometa imegharimu shilingi 90. Ya bei nafuu imekuwa ghali kwa nusu zaidi, bila kuhesabu pancha na safari zilizoahirishwa.

Gari linalokwenda kilometa 2,000 kwa mwezi, kwa mfano huo wa kwanza, liwekewe shilingi 120,000 kila mwezi katika mfuko wa matairi. Baada ya miezi 25 fedha zitakuwa tayari, na hakuna harambee ya dharura. Hapa tunawaomba wafadhili watuelewe pia. Andiko la mradi linapokuwa na fungu la gari lakini halina fungu la matairi, gari litasimama kabla ya mradi kwisha. Fungu hilo si anasa. Ni sehemu ya gari, kama mafuta.

Mambo ya kuandika katika barua ya maombi

Kamati inapokaa kujadili matairi, tunaomba dereva awepo kikaoni, na daftari la safari lifunguliwe. Kisha barua ijibu haya:

1. Katika miezi sita iliyopita, gari limekwenda kilometa ngapi kwenye lami, ngapi kwenye changarawe, na ngapi kwenye tope, mchanga au mawe?

2. Mzigo wake wa kawaida ni nini, na watu wangapi?

3. Ni safari ipi ambayo haiwezi kuahirishwa hata mvua ikinyesha?

4. Matairi yaliyopo yana saizi gani, kipimo gani cha mzigo, na DOT ya mwaka gani? Kina cha kashata kimebaki milimita ngapi?

5. Bei tatu kutoka kwa wauzaji watatu, kila moja ikitaja aina, kipimo cha mzigo na mwaka wa kutengenezwa.

Kuhusu kina cha kashata, sheria za nchi za Ulaya zinataka kisipungue milimita 1.6. Hiyo ni ya barabara nzuri. Kwa tope letu, tairi lililobakiza milimita 4 limekwisha kuwa dhaifu, na maombi yaanze hapo, wala yasisubiri nyuzi zitokeze.

Kama sehemu kubwa ya kilometa ni lami na changarawe, chagueni A/T. Kama gari halishuki mlimani wiki nzima na njia yake ni tope, chagueni M/T, na dereva aonywe kuhusu lami yenye mvua. Kama ni gari la ofisi linalokwenda mjini na kurudi, H/T inatosha, na fedha iliyobaki iende kwenye gari la kliniki.

Manunuzi yafanyike kabla ya masika, na kila baada ya kilometa 8,000 hadi 10,000 matairi yahamishwe nafasi, pamoja na spea, ili yaishe kwa pamoja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Barua zenye majibu ya maswali haya matano tutazipokea kwa furaha, na tutaweza kuzitetea mbele ya wanaochangia, wa hapa nyumbani na wa mbali.